Jinsi ya kupanga harusi isiyoharibu mazingira, na kamati ikakuelewa

Harusi rafiki wa mazingira kwa watu wengi inaishia kwenye mapambo. Unakuta ukumbi umejazwa majani ya kijani kila kona, meza za mbao, kamba za katani, halafu ukiyagusa yale majani ni plastiki tupu na kesho yake yanatupwa. Hiyo ni themu tu jamani. Harusi zetu za bongo zinaamuliwa kwenye kamati, tena vile vikao vya mwanzo kabisa kabla hata mpambaji hajaitwa, maana pale ndipo inapangwa idadi ya watu, ukumbi, chakula na usafiri, na hivyo vinne vikishakaa vibaya hata upambe na migomba ya shambani umechelewa. Naongelea zaidi harusi ya Dar ya watu kama 300 hivi kwa sababu ndizo nazozijua, wa Mwanza au Mombasa chukua kinachokufaa.

Kwanza kabisa, ukiingia kikaoni usitaje neno mazingira. Ukisimama mbele ya baba wadogo na wajomba ukaanza habari za kaboni watakuangalia tu, kisha mwenyekiti atasema tumekusikia, tuendelee na ajenda. Wewe taja hela. Karibu kila kinachochafua kwenye harusi kimelipiwa na mchango wa mtu, chakula kilichomwagwa, maji yaliyobaki kwenye chupa, jenereta iliyonguruma masaa mawili ukumbi hauna watu. Mwambie mweka hazina "shikamoo mjomba, nimepiga hesabu ya maji hapa naona kuna hela tunaipoteza", uone atakavyovuta kiti karibu.

Hesabu ya maji yenyewe ni hii. Watu 300, kila mtu chupa mbili za nusu lita, hizo ni chupa 600, sawa na lita 300. Lita 300 hizo hizo zinaingia kwenye madumu 16 ya lita 18.9, yale yanayokaa juu ya dispensa, ukimaliza unarudisha dumu. Yaani chupa 600 za kutupa zinapotea zote hapo. Kinachohitajika ni glasi, ambazo mtu wa chakula huwa anazo au anazikodi, na kina mama wawili watatu wa kuosha ambao muwalipe vizuri, msiwabane. Ukitaka kuamini kwamba hii inalipa, siku ukiwa kwenye harusi ya mtu angalia meza saa 5 usiku: chupa nane zimefunguliwa, sita zimenywewa robo, kwa sababu mtu akifungua akanywa funda mbili akaenda kucheza akirudi haijui tena chupa yake, anafungua nyingine. Wazee wengine hawanywi maji ambayo hawajayafungua wenyewe, hao wawekeeni chupa zao kwenye meza yao na msibishane nao. Soda na bia chukueni za vioo kwenye kreti, msikubali kuletewa soda za plastiki kisa muuzaji anakwepa usumbufu wa kurudisha chupa.

Sasa idadi ya watu. Hapa ndio penye utamu na ndio penye vita. Mfumo wetu wa kadi za single na double unafanya mtu aliyechanga vizuri apewe viti viwili hata kama mwenzake yuko safarini, na mtu wa chakula anapika kwa hesabu ya kadi, kwahiyo kila harusi inapika sahani ambazo hazina mlaji. Kusema "naomba uthibitishe" kwenye kadi haisaidii, watu wetu hawathibitishi. Kinachosaidia ni hivi: kila mjumbe wa kamati ana watu wake aliowaombea mchango, basi siku kama kumi kabla ya harusi kila mjumbe awapigie wa kwake, awapigie simu kabisa sio kutuma meseji kwenye grupu, aulize swali moja tu, mnakuja wangapi? Majibu anapewa katibu, katibu anampa mtu wa chakula. Kadi zenyewe zitumwe kwa WhatsApp zikiwa na QR code ya kuskani mlangoni, za karatasi chapisheni chache za wazee na za kuweka kumbukumbu.

Na kama familia zote mbili ziko mji mmoja, jaribuni kuweka sendofu na harusi siku zinazofuatana, Ijumaa na Jumamosi, ukumbi mmoja, mpambaji mmoja, vitambaa vilevile mnabadilisha maua tu. Faida kubwa ipo kwa wageni wa mikoani, wanasafiri mara moja badala ya mbili. Usafiri ndio unaobeba moshi mwingi kuliko hata hayo maputo mnayogombana nayo. Wanaotoka Dodoma na Morogoro tangu 2024 wana SGR, treni ya umeme, waambieni mapema wakate tiketi. Wa mjini kodini Costa mbili, moja ianzie Mbagala na nyingine Tegeta au popote watu wenu walipo wengi, zipite kuwachukua na muhimu zaidi ziwarudishe usiku, maana mtu anakuja na gari lake sababu anaogopa kurudi. Msafara wa bwana na bibi harusi magari matatu yanatosha na la matarumbeta la nne. Matarumbeta siwezi kuyaondoa, hiyo haitakuwa harusi.

Chakula. Kwenye nyama, ng'ombe ndio mzigo mkubwa kuliko wote, anacheua na kutoa gesi ya methani, tena anakula sana mpaka afikie kuchinjwa. Mbuzi naye anacheua. Kuku ana nafuu kubwa, kwahiyo pilau iwe ya kuku, na pembeni mboga zenye hadhi, sio kachumbari tu. Ndafu, ile ya mbuzi mzima wa kuchoma, usiiguse, utaanzisha ugomvi na watu wa Moshi usioisha, ila ndafu mmoja anatosha, hakuna haja kila upande ulete wa kwake. Halafu wapakuaji wawe wanapakua wao, sio mtu ajipakulie mlima wa wali halafu auache. Wenzetu wa pwani na Zanzibar walishamaliza hili zamani, sinia moja watu wanne mnakula pamoja, hakuna sahani za kutupa, na mabaki huwa kidogo kwa sababu watu wanne kwenye sinia moja wanaoneana aibu kubakiza.

Muulizeni mpishi anapikia nini. Wengi bado wanapika kwa kuni au mkaa nyuma ya ukumbi, na serikali ilishazitaka hata taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwahiyo wapishi wenye majiko makubwa ya gesi wapo, ulizieni kabla ya kulipa advansi. Ukishalipa hana sababu ya kukusikiliza.

Mabaki yapangieni mtu mmoja mwenye jina, sio "tutaona". Chakula ambacho hakijaguswa kifungwe kwenye vyombo vyenye mifuniko usiku uleule na muwe mmeshaongea na kituo cha watoto au majirani wanaokisubiri, pilau ikilala nje kwa joto la Dar asubuhi hamna kitu. Kilichobaki kwenye sahani kiwe na ndoo yake, kisichanganywe na tishu na vijiti, mfugaji wa nguruwe au wa wale funza wa kulishia kuku anakuja kukichukua mwenyewe. La sivyo kinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi kinafukiwa na kuoza bila hewa, na huko kinatoa methani ileile ya ng'ombe mliyekuwa mnamkwepa.

Kwenye mapambo nina maneno machache. Maua ya bandia sio dhambi kama mpambaji anayakodisha kila wiki mwaka mzima, tatizo ni ya kununuliwa kwa ajili ya siku moja. Maua freshi yapo ya Arusha, ila mwambieni mpambaji asitumie lile sponji la kijani la kuchomekea maua, lile ni plastiki, linasagika na haliozi, akunje waya wa kuku ndani ya chombo cha maji au ajaze mchanga, maua yanasimama vizuri tu. Getini wekeni makuti mabichi na migomba kama zamani, harusi ikiisha migomba inalishwa mbuzi na makuti yanakuwa mboji. Asumini kwa bibi harusi, kikuba, harufu ukumbi mzima, hakuna puto linaloweza kushindana. Maputo ya kurusha ufukweni hapana kabisa, yanaangukia baharini na kasa wanayala. Vile vikaratasi vinavyong'aa vya kurusha wakati wa keki navyo hapana, muulizeni mfagiaji wa ukumbi.

Nguo: shela kodi, hutalivaa tena. Sare za familia ziwe kitenge au kanga ambayo shangazi ataivaa Jumapili ijayo, sio satini ya rangi ya ajabu inayoishia kabatini.

Taa na umeme sina mengi, anzeni mapema. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 3, kiyoyozi kimewaka muda wote huo. Ukipata bustani yenye miti ukaanza saa 9 mchana unaokoa kiyoyozi, nusu ya taa, na watu wenye watoto watakushukuru.

Kuhusu zawadi za wageni kuna mtindo wa kugawa miche, ni mzuri ila angalieni kalenda. Harusi ya vuli, Oktoba hadi Desemba, au ya masika, Machi hadi Mei, mche unapata mvua. Harusi ya Julai mche unakufa kwenye ndoo balkoni. Miche mnapata kwenye vitalu vya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, au vya mitaani, chukueni ya matunda, mtu anaujali mwembe kuliko mti asioujua jina. Na usiwekwe kwenye ile mifuko laini yenye majina ya maharusi, inafanana na kitambaa lakini nayo ni plastiki. Kama msimu haufai gaweni viungo vya pilau kwenye karatasi au msigawe kitu, hakuna aliyewahi kuondoka harusini kwa hasira kisa hajapewa kikombe chenye picha yenu.

Mwisho kuna kile kikao cha kuvunja kamati, ambacho kwa kawaida ni nyama choma na hotuba. Tumieni soda zilizobaki kwanza. Mweka hazina asome hesabu na aeleze kama kreti na madumu vyote vimerudi, kisha namba ya mwenye Costa, ya mpishi wa gesi na ya mfugaji aliyechukua mabaki muiwekee kamati ya harusi inayofuata, maana nusu ya wajumbe watakuwa walewale.