Jinsi ya kujenga daraja la kutenganisha reli na barabara yenye foleni

Tangu treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini, ianze 2012 kati ya Stesheni na Ubungo, sisi wa Dar tunaijua hii shughuli ya kukaa kwenye daladala kivuko cha reli kimefungwa, treni yenyewe hata honi hujaisikia, na bodaboda wanapenya tu utadhani kila mmoja ana roho ya akiba nyumbani. Treni ya mizigo iliyojaa ikishika breki inaweza kula kilomita nzima na zaidi ndo isimame, chuma juu ya chuma hakuna kinachong'ang'ania, kwahiyo dereva akikuona uko relini kazi yake imebaki kupiga honi tu. Dawa ni mmoja apite juu na mwingine chini. SGR yetu, reli mpya ya umeme, hiyo iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Moro mwezi Juni 2024, imejengwa hivyo hivyo, na katikati ya jiji kuelekea Ilala reli yenyewe imepandishwa juu ya nguzo zaidi ya kilomita 2.

Sasa watu wengi wanadhani kazi ni lile daraja lenyewe, zege na nondo. Hapana. Mimi nimekaa saiti za namna hii, naweza kukwambia daraja ni kipande kifupi, kinachokula hela na eneo ni njia ya kulipandia, na kinachokula muda ni kusubiri watu wa reli wakuruhusu ushike kazi.

Kwahiyo kabla ya kuita mkandarasi yeyote amua nani anapita juu. Chukua karatasi upige hesabu ya kawaida kabisa. Barabara ikipita juu ya reli ya umeme, kama SGR yenye waya wa volti 25,000, acha kama mita 7 kutoka kichwa cha reli mpaka tumbo la daraja, ongeza boriti na zege la juu kama mita 2, jumla 9. Barabara ya malori usiizidishe mwinuko wa asilimia 5, maana semi iliyobeba kontena ikikwama katikati ya kilima umetengeneza foleni mpya juu ya ile ya zamani. Mita 9 gawa kwa 0.05 unapata mita 180 kila upande, na bado kuna ile mikunjo ya kuanzia na kumalizia kilima, weka 230 hivi. Yaani karibu nusu kilomita ya barabara inanyanyuka kwa ajili ya kuvuka reli ambayo kwa miguu unairuka hatua sita.

Ukigeuza, reli ndo ipande, hapo chini magari yanahitaji kama mita 5 na nusu, jumlisha unene wa daraja unapata 7, inaonekana nafuu eeh? Lakini treni ya mizigo haipendi kilima, ukiipa asilimia 1 unahitaji mita 700 kila upande. Ndo maana reli inapandishwa pale tu ambapo inavuka barabara nyingi zilizofuatana, kama mjini kati, unapanda mara moja unazimaliza zote.

Njia ya tatu ni barabara ipite chini kwenye shimo. Fupi, rahisi kwenye karatasi, na mtu wa Dar yeyote aliyeona masika anajua litakuwa bwawa. Ukilazimika, weka pampu mbili pamoja na jenereta yake, maana mvua kubwa ikija umeme nao unaondoka, halafu mfereji wa kuzuia maji ya mtaani yasiingie uwe mkubwa kuliko unavyodhani unatosha.

Na hata kama reli unayovuka leo ni ya zamani ya mita moja inayopita dizeli, acha urefu wa waya wa umeme na upana wa njia ya pili. Daraja linakaa miaka mia, ukilibana leo wajukuu watalivunja.

Vibali sitavizungumzia sana, kila mtu anajua utaenda TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (barabara za mitaa na vijijini) kutegemea barabara ni ya nani, watu wa reli yenyewe, LATRA wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, na NEMC kwa mazingira. Ila angalia reli ni ya nani, maana TRC (Shirika la Reli Tanzania) na TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) ni mashirika mawili na hata upana wa reli zao ni tofauti, ile ya zamani ya TRC milimita 1000, ya TAZARA 1067. Barua ukiikosea ofisi umepoteza miezi.

Kabla ya kuchora nguzo, toboa udongo. Usitoboe mashimo mawili ukajiona mjanja, kila nguzo itobolewe yake, kwa sababu mabonde yetu haya mita kumi upande huu ni mchanga mzuri na mita kumi upande ule ni tope la kunyonya buti. Tope likiwa refu unashusha nguzo za kuchimba mpaka ukutane na udongo mgumu. Wakati huo huo chimba mitaro ya mkono kutafuta mabomba na nyaya. Mkono, narudia, sio kijiko cha mashine. Sisi tulipewa ramani safi ya mabomba, tukaamini, siku ya tatu kijiko kikagonga bomba la maji la zamani ambalo ramani hailijui, mtaa mzima wakaja na ndoo saiti, wengine wanatutukana wengine wanatushukuru.

Magari nayo lazima yaendelee kupita, kwahiyo jenga mchepuko kwanza, wa lami, sio wa vumbi. Mchepuko wa vumbi utavumilika wiki mbili, we utakuwa pale miaka miwili.

Nguzo kaa nazo mbali na njia ya treni, katikati ya njia mbili usiweke kabisa kama boriti inaweza kuvuka zote mbili bila kushikiliwa katikati, na ikibidi basi ijengewe ukuta mnene wa zege pembeni, treni ikitoka relini isiikate kama muwa. Zege kila ukimwaga chukua vipande vya majaribio vile vya sentimita 15, vivunjwe siku ya 7 na ya 28. Fundi akikwambia "hili zege nalijua kwa macho" mwambie sawa, halafu lipime.

Boriti zitengenezwe pembeni mapema, zikae tayari. Boriti ya mita 30 inaweza kuzidi tani 40, na kuipandisha juu ya reli unapewa masaa tu, mara nyingi usiku, treni zimesimamishwa na umeme umezimwa na waya umeunganishwa na ardhi usibaki na umeme. Ule wa volti 25,000 hauhitaji ushikwe, unaruka wenyewe ukisogea, kwahiyo hati ya kuzimwa iwe mkononi mwako, usikubali ya kuambiwa kwa simu. Kreni iwe imeshafanya mazoezi mchana, ardhi inapokanyaga iwe imeshindiliwa, taa zimewaka, chai ipo. Ukipewa masaa manne panga kazi ya masaa mawili na nusu. Treni ya saa kumi alfajiri haitakusubiri eti kamba imejikunja.

Boriti zikishakaa juu ya raba zake za kukalia, kusuka nondo na kumwaga zege la juu ni kazi ya kawaida. Kwenye kingo juu ya waya weka uzio mrefu uliozibwa, sio wa matundu makubwa, watoto wanapenda kuangusha vitu treni ikipita, na mtu akining'iniza hata kipande cha waya hapo ni msiba.

Halafu kilima chenyewe. Hapa ndo wengi wanaharibu. Kifusi kimwagwe tabaka la sentimita 20, kimwagiwe maji, kishindiliwe, kipimwe, ndo uje tabaka lingine. Ukimwaga mita nzima kwa mkupuo kitabonyea baada ya mvua ya kwanza, na ule mgongo unaoruka ukiingia darajani, unaomwagisha soda za watu kwenye basi, chanzo chake ni hicho. Weka pia kipande cha zege kinacholala nusu juu ya daraja na nusu juu ya kifusi, kinapunguza sana.

Waenda kwa miguu usiwasahau, mama mwenye ndoo ya samaki hatapanda mita 230 akashuka 230 ili avuke reli. Mpe ngazi ya karibu, na njia ya mteremko kwa mikokoteni na viti vya magurudumu.

Daraja likifunguliwa, kivuko cha zamani kifungwe siku hiyo hiyo, uzio pande zote mbili. Sisi tulipanga vizuizi vya zege mchana, asubuhi tukakuta kimoja kimesogezwa na alama ya tairi la bodaboda katikati, tukaongeza viwili na kuvifunga pamoja kwa nondo.