Muulize kwa nini hakusema moja

Nimekuwa mshauri nasaha hapa Newala kwa miaka 11. Jina lenyewe la kazi linatuponza: tunaitwa washauri, basi mtu akishakaa tu tunaanza kushauri. Mwaka wangu wa kwanza nilimhubiria baba mmoja ubaya wa nipa, pombe kali ya mabibo ya korosho, saa nzima. Aliaga kwa adabu, hakurudi tena. Bado inaniuma.

Njia ninayoifuata sasa ilielezwa mwaka 1983 na mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliyefanya kazi na watu wenye shida ya pombe. Mnywaji ana sauti mbili moyoni: moja inataka kuacha, nyingine haitaki. Ukiisemea wewe ile ya kuacha, yeye atabaki kuitetea ya kunywa.

Kwa hiyo, baada ya shikamoo, omba ruhusa: "Baba, naweza kukuuliza habari za nipa?" Kisha uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Msimu huu wa mabibo umeupitishaje?" Akijibu, usirukie swali lingine. Mrudishie ulichosikia. Baba mmoja aliniambia fedha za mnada wa korosho zimeisha na watoto hawana sare. Nikasema, "Watoto hao wanakukaa moyoni." Akainama, akasema, "Sana, dada." Hapo nyamaza. Kimya hicho ni chake, usikijaze.

Halafu lije swali la namba: "Toka sifuri hadi kumi, kupunguza nipa kuna umuhimu kiasi gani kwako?" Baba huyo alisema nne. Ukiuliza kwa nini si nane, atakupa sababu za kuendelea kunywa. Uliza kwa nini nne, kwa nini hakusema moja. Alifikiri, akaanza kuhesabu mwenyewe: mke amerudi kwao, palizi imelala, usingizi hauji. Yakusanye hayo, mrudishie kwa maneno yake, kisha umuulize, "Sasa unafikiria kufanya nini?"

Jambo moja lisisubiri mazungumzo: anayekunywa kila siku na kuamka mikono ikitetemeka asiache ghafla. Anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Aonwe kwanza kituo cha afya.

Yule baba aliyesema nne alichagua jambo ambalo mimi nisingelifikiria: fedha za korosho zikiingia, aende benki na dada yake. Oktoba iliyopita niliwaona wamepanga foleni pamoja.