Jinsi ya kuilinda kompyuta ya nyumbani bila kuifanya ikokote miguu

"Fundi, hii mashine imezeeka. Naiwasha, nakwenda kuoga, nikirudi bado inajifikiria." Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa laptopu moja hivi karibuni. Nilipoiwasha nikakuta antivirasi tatu zimejipanga karibu na saa. Moja ilikuja na mashine, ya pili iliingia kinyemela pamoja na programu ya kusomea PDF, na ya tatu mwenyewe aliipakua kwa kuwa zile mbili zilikuwa zikimtisha kila siku. Kila faili lililofunguliwa lilipekuliwa mara tatu. Kirusi hakikuwamo hata kimoja.

Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba kinga nyingi nzuri hazina uzito, na vitu vingi vizito havikingi lolote. Nimeona pia kwamba ulinzi unaomkera mtu atauzima mwenyewe, tena siku mbaya. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ni za Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Washa kompyuta, subiri dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Tazama safu tatu: CPU, Memory na Disk. Andika asilimia zake kwenye karatasi, pamoja na muda uliopita tangu ulipobonyeza kitufe cha kuwasha hadi kivinjari kilipofunguka. Bila karatasi hiyo utaishia kubahatisha.

Ukiona Antimalware Service Executable iko juu, usishtuke. Hiyo ni antivirasi ya Windows yenyewe, na ni kawaida ipande kwa muda baada ya kuwasha au unapohamisha faili nyingi, kisha itulie. Lakini kama Disk imeganda kwenye 100% huku CPU imepumzika, na diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, tatizo si la ulinzi. Weka SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka. Nimewaona watu wakizima kinga zote kutafuta kasi ambayo diski yao haikuwa nayo kamwe.

Hatua ya 2: Bakiza antivirasi moja

Fungua Settings, ingia Apps, ondoa zilizozidi, kisha zima na uwashe upya. Baadhi huacha mabaki, na kampuni nyingi zinazozitengeneza hutoa kifaa maalumu cha kuzing'oa, kwenye tovuti zao wenyewe. Usikichukue kwingine.

Ukishaziondoa zote, Microsoft Defender, ile antivirasi ya Windows yenyewe, hujiwasha. Hakikisha kwa kufungua Windows Security. Kwa matumizi ya nyumbani mimi huishia hapo. Kama umelipia nyingine na umeridhika nayo, baki nayo, mradi iwe peke yake.

Hatua ya 3: Hamisha kazi nzito, usiizime

Antivirasi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukagua kila faili papo hapo linapofunguliwa, na hiyo haizimwi. Ya pili ni ukaguzi wa diski nzima, ambao unaweza kuupangia saa. Fungua Task Scheduler, shuka Microsoft, Windows, hadi Windows Defender, kisha uchague Scheduled Scan. Weka siku na saa ambayo kompyuta imewashwa lakini hakuna anayeitumia.

Kama ukaguzi bado unakubana, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi na uandike:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kiwango cha kawaida ni 50, yaani ukaguzi hujaribu kutozidi wastani wa nusu ya nguvu ya prosesa. Ukishusha hadi 20 utachukua muda mrefu zaidi, ila hutausikia sana.

Sasa suala la kuachia folda fulani zisikaguliwe. Ukihariri video au ukiandika programu, kuiachia folda moja ya kazi kunaweza kuleta nafuu ya wazi. Achia folda hiyo tu. Folda ya vitu unavyopakua usiiachie hata siku moja, wala diski nzima ya C, kwa sababu huko ndiko wadudu wanakotua kwanza. Na programu yoyote ya bure ambayo maelekezo yake yanaanza na "zima antivirasi kwanza" imekwisha kujitambulisha.

Hatua ya 4: Punguza zinazojiwasha

Rudi Task Manager, kwenye sehemu ya Startup. Zima vichezea muziki, programu za gumzo, vizinduzi vya michezo na vikumbusho vya printa. Acha vya sauti na vya padi ya kugusa (touchpad). Usichokijua, kitafute jina lake kwanza. Hatua hii huchukua dakika kumi na mara nyingi ndiyo inayorudisha kasi kuliko zote.

Hatua ya 5: Masasisho kwa saa zako

Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga faili za watu kote duniani na kudai fidia. Kiraka cha kuuziba mwanya kilichoutumia kilikuwa kimetolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Miezi miwili ilitosha kujikinga, na wengi hawakusasisha. Masasisho hukera yanapokuja wakati wa kazi. Basi yapangie: kwenye Windows Update weka saa zako za kazi, unaruhusiwa hadi 18, ili mashine isijizime na kujiwasha katikati ya shughuli.

Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine inakubali Windows 11, hamia.

Hatua ya 6: Safisha kivinjari

Hapa kasi na usalama vinakwenda pamoja. Weka kizuia matangazo: uBlock Origin kwenye Firefox, au uBlock Origin Lite kwenye Chrome. Kurasa zinakuwa nyepesi, na matangazo yenye hila hayakufikii. Ondoa viendelezi ambavyo hukumbuki uliviwekea nini.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya arifa za tovuti. Yule mwenye laptopu alikuwa akiletewa kila jioni kibandiko pembeni: "Kompyuta yako ina virusi!" Hakikutoka kwenye antivirasi yoyote. Kilitoka kwenye tovuti ya kuangalia mpira ambayo siku moja aliibonyezea "Ruhusu". Nilifuta ruhusa hiyo moja, vitisho vikakoma.

Hatua ya 7: Akaunti mbili

Tengeneza akaunti ya msimamizi yenye nenosiri lake, halafu ile ya kila siku igeuze iwe ya kawaida. Programu ikitaka kugusa mfumo, itakuomba nenosiri la msimamizi. Siku ya kwanza, unapopanga vitu, utaombwa mara nyingi. Baada ya hapo unaweza kupita wiki nzima bila kuulizwa.

Maswali hayo yalianza na Windows Vista mwaka 2007, na yalikuwa mengi kiasi kwamba watu walibonyeza "ndiyo" bila kusoma. Ndiyo maana ukiona unaulizwa kila saa, tafuta programu inayosababisha na uiondoe. Usizime swali.

Hatua ya 8: Manenosiri

Tumia programu ya kutunza manenosiri, kwa mfano Bitwarden au KeePassXC. Unakariri moja refu, mengine inakujazia. Ile desturi ya kubadilisha kila miezi mitatu iache, isipokuwa nenosiri likivuja. Tangu 2017 hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, haishauri kulibadilisha kwa kufuata kalenda. Kufungulia laptopu, PIN au alama ya kidole inatosha, kwani PIN hiyo hufanya kazi kwenye mashine hiyo tu.

Hatua ya 9: Viwili vya kuamua mwenyewe

Kusimba diski kwa fiche, yaani kuzifanya faili zisisomeke bila ufunguo. Laptopu inayotoka nyumbani isimbe, maana prosesa za siku hizi zina maelekezo maalumu ya kazi hiyo na katika shughuli za kawaida ni vigumu kuhisi tofauti. Kabla ya yote chapisha ufunguo wa dharura, ule wa tarakimu 48, uuhifadhi mbali na mashine. Ukiupoteza siku mfumo unapoudai, hakuna fundi atakayekutolea faili zako.

Memory integrity, ndani ya Windows Security, huzuia programu hasidi kujipenyeza kwenye kiini cha Windows. Ni kinga nzuri, lakini prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha saba huilipia kasi zaidi. Kwenye mashine ya zamani ipime ikiwa imewashwa, kisha ikiwa imezimwa. Mimi huizima tu pale tofauti inapoonekana kwa macho.

Hatua ya 10: Nakala, kisha pima tena

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, halafu ichomoe. Iliyochomekwa muda wote itafungwa na kirusi pamoja na kompyuta. Baada ya wiki rudia vipimo vya hatua ya 1 na ulinganishe na karatasi.

Ile laptopu sasa inawaka kwa dakika moja na kidogo. Siku ya pili mwenyewe alipiga simu: "Fundi, mbona sioni alama ya ulinzi hata moja?" Nikamwambia abonyeze kile kishale kidogo karibu na saa. Ngao ilikuwa humo ndani.