Farasi Hatabiriki: Uendelee Naye au Muachane?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Naivasha alinipigia simu usiku. Alikuwa amenunua farasi aliyestaafu mbio za Ngong, akitaka awe anawapandisha wageni mwisho wa juma. "Mzee, siku nne anatulia kama kondoo. Siku ya tano kanirusha juu ya ua. Nimuuze ama nivumilie?" Nikamwambia asimuuze, asimpande, anisubiri Jumamosi. Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu 1998 na swali hilo nimelisikia kwa kila aina ya mtu. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Shuka

Wiki mbili bila kumpanda. Kofia ngumu iwe kichwani hata unapompiga brashi, hilo mimi sijadili. Na kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi. Farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 550. Akichomoka, anaondoka na vidole vyako.

Hatua ya 2: Nunua daftari

Usiandike kwenye simu. Simu hukaa mfukoni mwa mtu mmoja, na farasi hushikwa na watu wanne. Nunua daftari la shule, penseli uifunge kwa uzi, vyote vining'inie mlangoni mwa banda. Kila anayemgusa aandike: saa ngapi, nani kamshika, kapandwa na nani, tandiko lipi, kala nini, kulikuwa na upepo au hapana, na alifanya nini.

Andika kilichotokea, usiandike hukumu. "Alilaza masikio nyuma mkanda wa tumbo ulipokazwa" ni habari. "Leo mkorofi" si habari. Kama ni jike, andika na siku zake za joto, yaani za kutaka dume, maana humrudia kila baada ya siku 21 hivi na kuna majike ambao siku hizo hawataki kuguswa ubavuni.

Fanya hivyo wiki tatu, hata baada ya kurudi kumpanda. Wiki ya pili utaona unapoteza muda. Endelea.

Hatua ya 3: Tafuta maumivu

Hapa nitakaa, nawe ukae nami, kwa sababu hatua hii ilinila miezi mitatu.

Mwaka 2009 nilikuwa na farasi mwekundu tuliyemwita Kahawa. Siku nyingi alikuwa mpole, kisha bila onyo angeinamisha kichwa na kurusha mateke mpaka mtu aanguke. Nilimzungusha kwa kamba ndefu asubuhi na jioni. Nikambadilishia lijamu mara tatu. Nikampunguzia nafaka. Nakiri pia kwamba nilimchapa. Mwenye farasi akachoka, akasema auzwe kwa yeyote. Wiki hiyohiyo nilikuwa nabeba tandiko lake kulirudisha stoo, likaniteleza, nikalidaka kwa kuliegemeza tumboni. Likajikunja katikati kama mkate. Fremu ya ndani ilikuwa imepasuka, na ngozi ya juu haikuonyesha hata mkwaruzo.

Wapandaji wepesi hawakuifungua ile fremu. Lakini kulikuwa na mteja mmoja mzito aliyekuja Jumatano na Jumamosi. Akikaa yeye, fremu inaachana na kukibana kile kinundu kati ya mabega. Kesho yake Kahawa bado anaumwa, na mtoto mwepesi ndiye anayeanguka. Sisi tukasema farasi hana sababu. Ningekuwa na daftari, Jumatano na Jumamosi zingeniruka machoni ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana hatua ya pili ni ya pili.

Kwa hiyo anza na tandiko. Shika mbele kwa mikono miwili, egemeza nyuma yake tumboni, vuta kuja kwako. Linapaswa kukataa. Likikunjika au likilia kwa ndani, liweke kando. (Kuna matandiko yenye chuma cha kunyumbuka ndani, hayo hucheza kidogo na kurudi. La kupasuka hukunjika na halirudi vizuri.) Kisha bana zile ncha mbili za mbele kama unataka zikutane. Zikisogea, usilitumie tena. Baada ya hapo liweke mgongoni bila kitambaa: vidole vitatu hivi vipite juu ya kinundu, na ukitazama kwa nyuma, mwanga uonekane kupitia katikati. Halafu kagua tena mpandaji akiwa amekaa, na awe yule mzito kuliko wote. Watu husahau hili la mwisho, mimi nikiwa wa kwanza. Na tafadhali, usirekebishe tandiko linalobana kwa kuongeza magodoro chini yake. Utalibana zaidi.

Mgongo: pitisha bapa la vidole pande zote mbili za uti, kutoka kwenye kinundu hadi kiunoni, kwa mkandamizo uleule. Usitumie kucha, maana hata farasi mzima atajikunyata. Wengine wana mtekenyo tu, kwa hiyo rudia siku tatu. Maumivu hujibu palepale kila siku, mtekenyo huhamahama.

Meno: ya juu huchongoka upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Akidondosha majani yaliyotafunwa nusu, au akitupa kichwa unapovuta hatamu upande mmoja tu, mtafute daktari wa mifugo ayasage. Anayekuja na tupa na tochi ya simu, bila chuma cha kumfungulia kinywa, mpe nauli arudi kwao.

Macho: mpitishe kando ya pipa lilelile, kwanza akiliona kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Tahadhari: farasi mzima pia hushtuka akilikuta pipa lilelile kwa upande wa pili, kana kwamba ni jipya. Kwa hiyo rudia siku kadhaa. Akiendelea kuogopa upande mmoja tu, jicho hilo lipimwe.

Tumbo ndilo linalowapita wengi. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, na kinachoipoza ni mate, nayo mate huja kwa kutafuna. Farasi wa mbio hupewa nafaka nyingi na nyasi kidogo, kwa hiyo vidonda vya tumbo kwao ni vya kawaida sana. Mwenye vidonda anauma hewa ukikaza mkanda, anaacha nafaka, manyoya hayang'ai. Uhakika hupatikana kwa kamera ya kuingizwa tumboni. Pasipo na kamera, daktari anaweza kuamua kumpa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki nne hivi na kuangalia tabia.

Kwato siziandiki, fundi wako wa kwato anajua.

Kuna na jaribio la dawa ya maumivu: daktari anampa kwa siku kadhaa, nawe unaangalia. Tabia ikibadilika, umepata jibu kwamba anaumwa. Isipobadilika, hujapata jibu lolote. Dawa hizo hazitulizi kidonda cha tumbo, na zingine hukichochea. Usizinunue dukani ukampa mwenyewe. Nimeona.

Farasi wa Naivasha alikuwa na meno mabaya na mkanda unaomchuna nyuma ya kiwiko. Vyote vikatengenezwa kwa siku mbili.

Hatua ya 4: Nyasi kwanza

Farasi wa kilo 500 ale kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, nyasi aina ya boma Rhodes inatosha. Nafaka ipungue pamoja na kazi. Atoke nje apate mwenzake, hata kama ni punda.

Hatua ya 5: Mrudishe shule kutoka chini

Kuongozwa, kusimama, kurudi nyuma, kusogeza makalio. Haya unayajua. La kukumbuka ni hili tu: farasi wa mbio hupandwa akiwa anatembea, mpandaji akirushwa juu kwa kushikwa mguu. Kusimama tuli wakati wa kupandwa hajawahi kufundishwa. Na hatamu zikikazwa, kwake ni ishara ya kuegemea na kukimbia. Kijana alikuwa anavuta kwa nguvu zote ili asimame, na farasi anamtii kwa kuongeza kasi.

Hatua ya 6: Amua

Baada ya wiki tatu hizo, kaa na daftari, usikae na hasira. Mimi hutazama mambo manne.

Je, anatoa onyo? Masikio, mkia, pua kukazwa, mgongo kujaa chini ya tandiko. Mara nyingi daftari huonyesha kwamba onyo lipo na sisi ndio hatukuliona. Mwenye onyo naweza kufanya naye kazi.

Je, anafanya nini hasa? Kushtuka na kuruka pembeni hakunitishi. Kurusha mateke kunarekebishika. Lakini anayesimama kwa miguu ya nyuma mpaka akaanguka chali, akarudia baada ya maumivu kuondolewa, simpandi na simruhusu mtu ampande. Hali kadhalika anayemfuata mtu kwa meno uwanjani. Wapo wanaojisifu kuwatuliza farasi hao. Wabarikiwe.

Je, mkwaruzano wa mwisho na wa kabla yake vimeachana kwa siku ngapi? Nafasi ikizidi kupanuka, subiri. Ikibaki ileile baada ya miezi mitatu ya kazi ya kila siku, usijidanganye kwa ile siku moja nzuri.

La nne ni wewe. Tumbo lako likikaza kila unapofungua banda, yeye anajua kabla hujamgusa. Kuwa na hofu si aibu, ila farasi mwenye hofu na mtu mwenye hofu hawawezi kutulizana. Hesabu pia saa zako. Farasi huyu anataka mtu yuleyule, saa ileile, siku sita kwa wiki. Kijana wangu alikuwa na siku mbili, tena zenye wageni.

Hapo ndipo tulipofika. Farasi alikuwa ameacha kurusha, lakini alishtuka mara mbili wiki ya tatu. Kwa mpandaji hodari hilo ni jambo dogo. Kwa mgeni anayepanda mara ya kwanza maishani, akiwa ameshika simu anapiga picha, ni mkono uliovunjika. Nikamwambia: farasi ni mzuri, kazi yako ndiyo haimfai.

Hatua ya 7: Kuachana naye

Usimuuze kimya. Niliwahi kuona farasi akinyweshwa dawa ya kutuliza asubuhi ya kuuzwa. Jioni ya siku ya tatu alimvunja bega binti wa mnunuzi. Sema yote, hata bei ikishuka nusu. Mnunuzi ampande mwenyewe, aje tena siku nyingine bila kukupa taarifa, na aje na tandiko lake. Jike anaweza kuzalishwa, kama hasira zake hazikuwa tangu utotoni. Mwingine anaweza kuwa mwenzi tu wa malishoni, mradi una malisho. Na yupo, mara chache, ambaye hafai kupewa mtu yeyote. Huyo muite daktari amlaze kwa amani nyumbani, kuliko kumsukuma kutoka mkono hadi mkono mpaka aue.

Yule wa Naivasha alichukuliwa na mama mmoja wa Nanyuki anayerukisha farasi juu ya vizuizi na kupanda kila alfajiri. Alimjaribu mara tatu. Mara ya tatu aliomba daftari, akaketi juu ya ndoo, akalisoma lote kabla hajauliza bei.