Mazoezi ya Gitaa la Besi kwa Hedifoni, kwa Gharama Ndogo

Uzi mzito wa E kwenye besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa takribani Hz 41. Sauti ya chini namna hiyo haizuiliwi na pazia, mlango wala godoro lililoegemezwa ukutani, ndiyo maana jirani huisikia besi yako hata pale asiposikia maongezi yako. Kupunguza sauti ya amplifaya hakusaidii sana: utakapofika kiwango anachokivumilia, wewe mwenyewe hutasikia unachopiga. Vaa hedifoni.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuchomeka besi mahali pasipofaa. Pikapu (sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za besi isiyotumia betri hazina nguvu ya kuendesha hedifoni. Ukiunganisha moja kwa moja utapata mnong'ono tu, tena kwa kawaida sikio moja, kwa sababu jeki ya gitaa ni ya mono, yaani ina njia moja tu ya sauti. Katikati lazima kiwepo kifaa cha kukuza sauti, nacho kiwe na tundu lililotengenezwa kwa ajili ya gitaa, lenye ukinzani wa karibu megaohm 1. Huandikwa INST au Hi-Z, au huwa na alama ya gitaa. Tundu la laini (LINE, la vifaa vyenye sauti iliyokwisha kukuzwa) mara nyingi lina kiloohm 10 hivi, nalo huilemea pikapu: sauti za juu zinapotea na besi inatoka butu. Mtu hubadilisha nyuzi, hubadilisha waya, na tatizo liko palepale kwenye tundu. Besi yenye betri ya V 9 huvumilia zaidi tundu la laini, ila chomoa waya ukimaliza. Jeki ikibaki ndani, betri inaendelea kuliwa hata kama volyumu iko sifuri.

Anza na ulichonacho. Amplifaya nyingi ndogo za mazoezi zina tundu la hedifoni linalozima spika lenyewe. Kama lipo, hakuna haja ya kununua kingine. Usichomeke hedifoni kwenye tundu lililoandikwa SPEAKER, kwani umeme wake unaweza kuunguza hedifoni na kuumiza masikio yako.

Kama huna amplifaya, njia fupi ni kifaa kidogo kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la besi, mfano Vox amPlug toleo la besi. Kinatumia betri mbili za AAA na kina tundu la kuingizia muziki kutoka kwenye simu. Chukua toleo la besi hasa, kwa sababu yale ya gitaa la kawaida yamepangwa kwa sauti za juu zaidi. Pedali ya efekti ya besi iliyotumika nayo ni chaguo zuri ikiwa ina tundu la hedifoni, maana nyingi zina pia mdundo wa ngoma na tyuna ndani yake.

Mwenye kompyuta atafaidi zaidi saundi kadi ya nje ya USB. Kwenye Behringer UM2, kwa mfano, besi inaingia tundu namba 2. Piga kwa nguvu zako za kawaida, pandisha geini (kiasi cha kukuza sauti inayoingia) hadi vilele vifike karibu -12 dB kwenye programu ya kurekodi, kisha iache hapo. Taa nyekundu ikiwaka, shusha. Fungua traki ya mono, si ya stereo, la sivyo utaisikia besi upande wa kulia tu. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji wa sauti; kama kadi haina yake, ASIO4ALL ni ya bure. Weka bafa (sauti inayokusanywa kabla ya kuchakatwa) ya sampuli 128: kwa sampuli 48,000 kwa sekunde (kHz 48) hiyo ni chini kidogo ya milisekunde 3 kuingia na vivyo hivyo kutoka, ukiacha muda ambao kadi na draiva huongeza. Sauti ikianza kukatikakatika, panda hadi 256. Na kama unataka tu kupiga bila efekti, bonyeza Direct Monitor, kitufe cha kadi kinachokupa sauti ya besi bila kupitia kompyuta, zima usikilizaji ndani ya programu, na ucheleweshaji unakwisha kabisa.

Hedifoni iwe ya waya. Hapa hakuna mjadala. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, na kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, nusu pigo ni milisekunde 250 tu. Huwezi kujifunza kukaa na ngoma kwa namna hiyo. Tafuta inayofunika sikio lote na iliyofungwa nyuma, yenye ohm 32 hadi 80. Ya ohm 250 itasikika hafifu kwenye vifaa vidogo vya betri. Visikilizi vya kuingiza sikioni vinafaa pia, mradi vizibe vizuri. Upenyo mdogo tu unaimeza besi yote.

Ukisikia noti za chini kwa shida, usikimbilie kuongeza volyumu. Sikio letu hupoteza sauti za chini kwanza pale volyumu inapokuwa ndogo. Kwenye ikwalaiza (kirekebisha sauti za juu na chini), ongeza kidogo eneo la Hz 700 hadi 1000, noti zitajitokeza. Besi ikisikika kavu na nyuzi zinakwaruza, kata kuanzia kHz 4 au 5 kwenda juu, kwani spika halisi za besi hufanya hivyo zenyewe. Kwa masikio, kipimo kinachotumika sana kazini ni dB 85 kwa saa 8, na kila dB 3 zikiongezeka muda unapungua nusu: dB 91 ni saa 2 tu.

Mvumo ukikusumbua, chomoa chaja ya kompyuta kwanza na utumie betri. Ukiisha, umempata mkosaji. Usipoisha, geuza mwili pole pole na usogee mbali na skrini; pikapu za koili moja hunasa mvumo kulingana na upande zinakoelekea. Muziki wa simu upitishe kwenye tundu lake au kwenye mikisa. Waya wa Y wa kuunganisha simu na besi pamoja hudhoofisha besi.

Kumbuka pia kelele ambazo hedifoni inakuficha wewe: kisigino kinachogonga sakafu, na besi iliyoegemea meza au kitanda ikipitisha mtetemo. Weka mkeka chini ya miguu.

Mwisho, usiweke geini juu sana. Mkono huzoea kugusa nyuzi kwa woga, na siku ya kupiga na bendi noti zako zitazama. Weka sauti ili mpigo thabiti wa kidole ndio utoe kiwango unachokitaka masikioni.