Mzee akilazwa wodini, mtengenezee pale alipo asichanganyikiwe

Mzee akiletwa na boti kutoka Faza ama Kizingitini kuja kulazwa Lamu, kwanza uliza miwani yake iko wapi. Wengi huja na leso na karatasi za kliniki tu, miwani na meno ya bandia yamebaki nyumbani, halafu usiku anaanza kuita watu waliokufa zamani, anavuta dripu, ataka kwenda zake, na jamaa washaanza kusema kaingiwa. Jamani, mara nyingi si jini. Ni akili imevurugika ghafla kwa sababu ya homa, maji kupungua mwilini, kufunga choo, maumivu ama dawa, na wodi nayo inazidisha: taa usiku kucha, sura ngeni, kelele, hajui ni mchana ama usiku.

Na hili mara nyingine lazuilika kabisa. Marekani, daktari mmoja, Sharon Inouye, na wenzake walifuatilia wagonjwa 852 wa miaka 70 kwenda juu, 1999 wakatoa matokeo: wenye huduma ya kawaida walichanganyikiwa 15%, lakini waliokumbushwa walipo, wakatembezwa, wakanyweshwa maji, wakavaa miwani yao na wakaachwa walale, ni 9.9%. Hakuna dawa mpya hapo, ni mambo ambayo hata mjukuu aweza.

Kwa hivyo mchana omba kitanda cha dirishani kama kuna nafasi, mkalishe, mwambie pale ni hospitali na wewe ni nani, lakini usimfanyie mtihani wa "wanijua mimi?" Adhana ikisikika mwambie hiyo ni adhuhuri, wazee wetu siku yao yaenda kwa adhana. Maji kidogo kidogo kama daktari hajakataza, na muulize nesi kama anaruhusiwa kushuka, hata kufika kitini tu.

Usiku ndio kazi, na hapa tunaharibu wenyewe kwa mapenzi. Mtaa mzima unakuja kumtizama, simu zinalia, watoto wanapanda kitandani. Pangeni zamu, wawili wawili, jioni abaki mmoja anayemjua vizuri, simu kimya, na umuombe nesi kwa adabu ile taa ya juu yake izimwe ikiwezekana. Vidonge vya usingizi vya nyumbani usimpe, vyaweza kumzidishia.

Akianza kuvurugika usibishane naye wala usimfunge mikono. Mshike mkono kwa upole, sema naye taratibu, mwite nesi saa hiyo hiyo umwambie "jana hakuwa hivi", maana nesi hajui alikuwaje nyumbani, wewe ndiwe unayejua. Na yule anayelala tu, hali, hajibu, watu wanasema leo katulia, huyo ndiye anayesahauliwa zaidi, msemee vile vile. Akitaka kusomewa dua asomewe, kwa sauti ya chini, nesi akiwa ashaitwa.