Fenoli: ina OH ila usiiite alkoholi

Haya wadau wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) hapa Kigoma, mlinisumbua wiki nzima, leo tumalizane na fenoli.

Kwanza shika hili: OH yake imekaa moja kwa moja kwenye ringi ya benzini, sasa oksijeni inaigawia ringi elektroni zake, ndo maana haidrojeni inalegea (pKa, namba ya kupima asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi: fenoli ni kama 10, ethanoli, alkoholi ya kawaida, ni kama 16) na ringi nayo inachangamka kinoma.

Hatua 1. Tia sodiamu haidroksaidi, fenoli inayeyuka. Chukua nyingine tia baikaboneti, kimya, hakuna povu, maana fenoli kama asidi ni dhaifu kuliko hata asidi kaboniki. Asidi ya ethanoiki (ile ya siki) ingetoa povu hapo hapo.

Hatua 2. Feriki kloraidi, matone mawili, zambarau. Basi.

Hatua 3. Maji ya bromini, hapa ndo maksi zinapotea. Benzini inadai kichocheo, fenoli haidai chochote, ukitia tu rangi ya bromini inakata na mashapo meupe yanashuka, ni 2,4,6-tribromofenoli, bromini TATU, sio moja kama mnavyoandika. Ukitaka moja achana na maji, tumia kaboni daisalfaidi ya baridi.

Na vaeni glovu jamani. Mi shuleni tone lilinidondokea kidoleni nikapuuza kwa sababu haikuuma, kumbe inatia ganzi kwanza, ngozi ikawa nyeupe kama imelowekwa usiku kucha halafu ikabanduka.

MASWALI

– Ticha, ya kwetu maabara imekuwa pinki, tuitupe?
Hapana, hewa imeioksidisha kidogo tu, safi haina rangi. Kwa hizo testi bado inafaa.

– Kaka mbona nikichemsha na asidi ya ethanoiki na salfyuriki sipati esta ya maana?
Zile elektroni za OH si zimeshagawiwa ringi, haina nguvu ya kushambulia. Mpe ethanoili kloraidi au anhaidraidi utaipata.

– Samahani naweza nikachekwa, ila fenoli inanuka kama migebuka ya moshi anayouza mama
Nani akucheke dada, pua yako inajua kemia. Kuni zikiungua lignini (kile kinachoupa mti ugumu) inavunjika, zinatoka ndugu zake fenoli kama gwayakoli, zinaganda kwenye samaki na kumchelewesha kuoza. Vijidudu vya magonjwa na uozo havizipendi hizi, daktari mpasuaji Lister alifunga vidonda kwa fenoli Glasgow tangu 1865. Ila ya maabara usiipeleke jikoni kwa mama.